Magoli Matatu Niliyoyasema

Kuna wakati nilijua kesho ya watu ishirini na wawili kwa mpigo, na ujuzi huo haukunifaa kitu. Sikuupata ndotoni wala kwa mganga. Nilijifunza, kama mtu anavyojifunza kushona nguo au kuendesha trekta: nikakosea, nikarekebishwa, nikakosea kidogo zaidi, hadi siku moja nikajikuta sikosei tena. Siku hiyo nilifurahi. Leo naijutia siku hiyo kuliko zote, isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mji wetu ulikaa ndani ya shimo kubwa la mawe meupe, na hakuna aliyemjua aliyelichimba. Chini kabisa ulikuwepo uwanja, na nyumba zilipanda kuuzunguka, ngazi juu ya ngazi, milango yote ikiutazama. Hatukuwa na kalenda. Mtu akiulizwa umri wake alijibu, "Nilizaliwa siku Reli walipotoka sare na Kokoto, mvua ikinyesha," na jibu likatosha, ingawa hakuna wawili waliokubaliana ilikuwa lini. Wapo wazee waliosema bado hawajazaliwa, kwa sababu mechi yao haijachezwa. Hatukuwacheka. Kila Jumamosi saa kumi alasiri mpira ulianza, na kwa dakika tisini mji mzima ulikuwa haujui jambo moja, wote pamoja. Wakati ule sikuelewa kwamba huko kutojua ndiko kulikotufanya tuwe mji.

Mimi jina langu Luhende. Kazi yangu ilikuwa kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa. Mdogo wangu, Ndaki, alikuwa kipa wa Kokoto, timu ya wachonga mawe. Tulilelewa na mama peke yake, na mama alipofariki tulibaki wawili ndani ya nyumba ya vyumba viwili, tukipika kwa zamu. Ndaki alikuwa na mikono mipana isiyolingana na mwili wake mwembamba. Kitu chochote kikianguka nyumbani, kikombe, kijiko, yai, alikuwa ameshakidaka kabla sijageuza shingo. Sikuwahi kumwuliza anajuaje kwamba kitaanguka. Ningemwuliza, labda jibu lake lingenitosha.

Aliyenifundisha ni Bi Nyamizi, mama mtu mzima aliyebadilisha vibao vya matokeo juu ya ukuta wa mashariki. Nilimwendea kwa sababu ya jambo dogo nililoliona: kila goli lilipoingia, kibao chake kilikuwa tayari mkononi. Hakukitafuta, hakukimbia. Alikitundika tu.

"Shikamoo, Bi Nyamizi."

"Marahaba. Umekuja kuuliza kuhusu vibao."

"Umejuaje?"

"Umesimama hapo chini Jumamosi tatu ukinitazama mimi badala ya mpira. Sikuhitaji uganga." Alikung'uta vumbi kwenye kibao. "Unataka kujua ili iweje?"

Nilimjibu kwamba nataka kujua tu. Ulikuwa uongo, lakini mdogo, wa mtu asiyejijua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuchora mistari ambayo wengine wanaikanyaga na kuifuta. Nilitaka kusimama mahali ambapo mambo yanaanzia.

Alinifundisha kwa msimu mzima. Kwanza alinizuia kutazama mpira. "Mpira ni wa mwisho kujua," alisema. Alinitaka nitazame watu wanavyoteremka ngazi kuja uwanjani: nani amefunga viatu akiwa amesimama na nani ameketi, timu gani inagombana kuhusu jezi na timu gani imekaa kimya mno, beki gani amekwepa kumsalimia mkewe jukwaani. Alinionyesha vumbi la chokaa linavyoelekea upepo ukigeuka, na jinsi refa aliyelala vibaya anavyopuliza filimbi ya kwanza kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Halafu alinitaka nisimame nimeupa uwanja kisogo na kusikiliza. Mshambuliaji atakayefunga ana pumzi fulani, fupi, kama ya mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Mara ya kwanza nilipoisikia nilisema, "Sasa," na nyuma yangu watu wakalipuka. Niliingiwa na baridi mwili mzima. Nilidhani ni furaha.

"Umefika," Bi Nyamizi alisema, na uso wake haukuwa wa mtu anayepongeza. "Sasa sikiliza la mwisho. Mimi najua, lakini sisemi. Natundika baada ya goli, siyo kabla. Ukisema kabla, umeingia uwanjani, na wewe huna jezi."

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikubali kama tunavyokubali mambo tunayodhani yanawahusu watu wengine.

Nilisema. Mara ya kwanza kwa jirani mmoja, kwenye foleni ya maji, kwa mzaha. Mara ya pili kwa jirani huyohuyo na wenzake sita. Jumamosi ya tano walikuwa wameujaza ua wetu tangu asubuhi, na wengine walileta viti. Walinipa jina jipya. Kwa kuwa nilizoea kuanza kwa kusema, "Hii imekwisha, Reli mawili, Bandari moja," waliniita Imekwisha. Watoto waliita hivyo, wauza vitumbua waliita hivyo. Nilianza kugeuka nikiitwa hivyo, na siku moja Ndaki aliniita Luhende nikachelewa kuitika.

Wakati nao ulianza kuteleza. Jumatano niliwapa watu pole kwa magoli ya Jumamosi. Nilikula chakula nikiwa nimeshashiba. Niliwatazama wachezaji wakicheka njiani nikawaona tayari wakiwa wamekaa chini na taulo kichwani, na nikaacha kucheka nao, kwa sababu unachekaje na mtu ambaye umeshamwona analia? Mtu anayejua mwisho anaishi wapi? Hayupo leo, maana leo ameshaipita. Hayupo kesho, maana kesho haijamfungulia. Nilikuwa nasimama kwenye korido kati ya siku mbili, na nilijisifu kwamba ninaona mbali.

Mwenyekiti wa uwanja aliitwa Madoshi, mtu mnene mwenye sauti laini. Alinipa kiti kirefu katikati ya jukwaa na kipaza sauti. Saa kumi kasoro robo nilitangaza matokeo, na saa kumi mechi ikaanza. Mwanzoni watu waliongezeka. Walitangaziwa, wakakaa, wakastaajabu yalivyotimia. Baadaye walianza kuondoka baada ya tangazo. Walipanda ngazi wakirudi majumbani wakizungumza habari za mboga, na chini yao watu ishirini na wawili wakakimbizana wakitimiza jambo lililokwisha. Timu niliyoitangaza kufungwa iliingia uwanjani ikiburuta miguu. Iliyotangazwa kushinda haikukaza. Nami nilijisemea kimoyomoyo: unaona, nimesema kweli.

Bi Nyamizi alinijia Jumamosi moja mchana, vibao vyake vikiwa ndani ya kikapu. Aliviweka miguuni pangu.

"Kaa navyo," alisema. "Sasa vinakungoja wewe, siyo goli."

"Bi Nyamizi, mimi sijambadilisha mtu. Naona tu, nasema."

"Ulikuwa unaona. Hata mimi sijui siku gani uliacha."

Aliondoka mjini kwa ile njia ya juu, inayotokea nje ya shimo. Sikumfuata. Nilikuwa na tangazo la kutoa.

Madoshi aliyaelewa mambo kabla yangu. Alhamisi moja alinikuta nikikoroga chokaa, kazi ambayo sikuiacha kwa sababu mikono yangu ilihitaji kitu. Alikaa juu ya gunia, akapangusa jasho, akaniuliza kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa: "Jumamosi hii, wewe ungependa nani ashinde?"

"Siyo suala la kupenda, Mwenyekiti. Atakayeshinda ndiye atakayeshinda."

"Ndiyo, ndiyo," alisema, akicheka taratibu. "Nauliza tu."

Nilikasirika. Nilikasirika siku nzima. Lakini sikurudisha kipaza sauti.

Ikaja fainali, Kokoto na Reli. Kokoto hawakuwahi kulichukua kombe. Asubuhi ya siku ile Ndaki alinifuata kwenye banda la chokaa. Alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma mkono mmoja na glovu kwapani. Alisimama mlangoni akitafuna, na jua lilimpiga mgongoni.

"Kaka, leo usitangaze."

"Watu wameshaanza kukaa, Ndaki. Nitawaambia nini?"

"Waambie unaumwa koo. Waambie chochote. Mara moja tu. Acha tucheze bila kujua."

"Wataona nakupendelea."

"Kwani vibaya? Si mimi ndugu yako?"

Niligeukia ndoo ya chokaa. Akaacha kutafuna.

"Basi niambie mimi kwanza," alisema. "Nisilisikie kwenye kipaza sauti kama mtu baki. Niambie hapa."

Nilimtazama ili nione. Nilitazama viatu vyake, pumzi yake, mabega, namna alivyoshika glovu. Nikasikiliza upepo nje. Nikasubiri kile kitu kinachokuja chenyewe, kile cha baridi.

Hakikuja.

Sikuona chochote. Nilimwona Ndaki, mdogo wangu, na makombo ya muhogo kwenye kidevu. Nilimwona hivyo tu, mzima, akiwa asubuhi ile, siyo jioni wala kesho. Zaidi ya hapo palikuwa peupe kama uwanja ambao haujachorwa. Angeweza kushinda. Angeweza kufungwa kumi. Lolote lingeweza kuwa. Nimefikiri mara nyingi tangu siku ile kwamba huenda huo ndio ulikuwa wakati pekee nilioona sawasawa. Kwamba ule weupe haukuwa upofu, ulikuwa ndiyo hali yenyewe ya mambo, na wenzangu wote waliishi ndani yake kila siku, wakauita tumaini. Lakini mimi niliuogopa. Niliogopa kama mtu anayekanyaga ngazi gizani na ngazi haipo. Nilifikiria ua uliojaa watu, jina lile, kile kiti kirefu. Nilifikiria: nikisema sijui, mimi ni nani?

Neno lilikuwa moja tu. Sijui. Halina uzito. Mtoto anayejifunza kutembea analisema.

"Mtafungwa matatu," nilimwambia. "Matatu bila."

Ndaki alitazama ule muhogo, kisha akautupa nje. Hakubisha. Hicho ndicho kinachonila hadi leo: hakubisha hata kidogo. Aliniamini kuliko nilivyowahi kujiamini mwenyewe.

"Sawa, kaka," alisema. "Asante kwa kuniambia kweli."

Saa kumi kasoro robo nilipanda kwenye kiti nikarudia uongo ule kwa sauti ya mji mzima. Watu wa Kokoto waliguna. Wa Reli walipiga makofi kwa utulivu, kama watu waliopewa kilicho chao. Wengi waliondoka. Mimi nilibaki, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilitazama mechi nisiyoijua mwisho wake. Moyo ulinienda mbio. Nilikuwa nimesahau ladha hiyo. Dakika ya nane Kokoto waligonga mwamba na nikasimama bila kujitambua, na jirani yangu akanishangaa: "Imekwisha, wewe unasimamia nini?"

Dakika ya ishirini na mbili winga wa Reli alipiga shuti kutoka mbali, shuti bovu, linalodunda chini mara mbili. Ndaki alikuwa amesimama katikati ya goli. Nilimwona anauona mpira. Vidole vyake vilifunguka, goti likapinda kidogo, mwili wote ukawa umeanza kwenda. Halafu akasimama. Akaachia mikono ishuke. Mpira ukampita hatua moja kando na kugusa nyavu kwa upole. Hakuna aliyeshangilia. Kwa nini washangilie? Lilikuwa limeshafungwa tangu saa kumi kasoro robo.

La pili lilikuwa kona. La tatu sikulitazama. Nilisikia tu viatu, kisha kimya, na nikajua kwa kile kimya.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Waliobaki uwanjani waligeuka.

"Nilidanganya," nilisema. "Sikuona kitu leo. Matatu niliyatunga. Mechi hii irudiwe."

Watu walitazamana. Mtu mmoja akacheka, na wengine wakafuata, bila ubaya, kama unavyomcheka fundi mzuri anayeisingizia kazi yake kasoro. Madoshi alipanda taratibu akaniondolea kipaza sauti mkononi.

"Umesema matatu," alisema kwa ile sauti yake laini, "na yamekuwa matatu. Sasa uongo uko wapi? Nionyeshe."

Nilitafuta uongo wangu nimwonyeshe. Nilitazama uwanjani, kwenye nyavu, kwenye ukuta wa mashariki. Haukuwepo. Ulikuwa umegeuka ukweli mbele ya macho yangu, ukawa na dakika, na mfungaji, na mashahidi. Nilielewa hapo kitu ambacho Madoshi alikijua tangu ile Alhamisi juu ya gunia: kwamba anayeaminiwa na wote hawezi tena kusema uongo, na kwa hiyo hawezi tena kusema kweli. Anaamuru tu. Na walio chini yake hutii, wakidhani wanashindwa.

Niliporudi nyumbani chumba cha Ndaki kilikuwa wazi. Alikuwa amekunja blanketi lake vizuri. Alikuwa ameondoka.

Sikutangaza tena. Haikusaidia kitu. Madoshi alipata mwingine wa kukalia kile kiti, kijana wa watu ambaye hakuwahi kujifunza lolote, na matokeo yaliendelea kutimia. Mimi nilitoka mjini kwa ile njia ya juu na kuanza kumtafuta ndugu yangu. Sijui nilitembea misimu mingapi. Nje ya shimo watu hawahesabu kwa mechi, na mimi sikuwa na namna nyingine ya kuhesabu. Kuna mahali nilifika kijana nikaondoka na mvi. Niliuliza habari za mtu mwembamba mwenye mikono mipana.

Nilimkuta asubuhi moja kwenye tanuri la matofali, kando ya mto mwekundu. Alikuwa amesimama juu ya tanuri, na mwanamke mmoja, niliyekuja kujua baadaye kwamba ni mkewe na anaitwa Kalunde, alikuwa chini akimrushia matofali, mawili mawili. Ndaki aliyadaka bila kutazama, akayapanga, akainua tena mikono. Nilisimama nyuma ya mti wa kivuli nikahesabu hadi mia. Hakuliacha hata moja.

Aliponiona alishuka. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinipa mkono, akanisaidia begi.

"Kaka. Umezeeka."

"Ndaki, nimekuja kukuambia jambo."

"Kaa kwanza unywe maji."

Sikuweza kungoja maji. Nilimwambia palepale, nimesimama: kwamba asubuhi ile bandani sikuona kitu, kwamba matatu niliyatoa kichwani kwa kuogopa kuonekana sijui, kwamba mechi ilikuwa wazi. Nilisema kwa haraka kama mtu anayetua mzigo. Nilikuwa nimeubeba muda wote huo nikidhani ukweli ni zawadi, kwamba nikiufikisha atakuwa mwepesi.

Ndaki alikaa juu ya rundo la matofali. Alivitazama viganja vya mikono yake, akakwangua udongo mkavu kwa ukucha.

"Lile la kwanza," alisema mwishowe, "niliuona mpira tangu mguu wa yule bwana unapanda. Ningeudaka kwa mkono mmoja. Nikajiambia, kwa nini nijirushe niumie kwa kitu kilichokwisha?"

"Nisamehe."

"Ngoja." Hakuinua sauti. "Miaka yote hii nimeishi vizuri, kaka. Nilijua nilifungwa kwa sababu ilikuwa nifungwe. Hata wewe hukuweza kuzuia. Nilikuwa nakuonea huruma, kwamba ulijua na ukabeba peke yako. Nililala usingizi. Leo unakuja kuniambia sikufungwa. Niliachia."

"Siyo wewe. Ni mimi niliye..."

"Mikono ilikuwa ya nani?"

Kalunde alikuja na maji kwenye kopo, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaliweka kopo chini. Baadaye alileta ugali na dagaa, tukala kwenye sinia moja, kama ilivyo heshima. Ndaki alinisogezea upande wenye mboga nyingi. Nilitamani asifanye hivyo.

Nilipomaliza kunawa nilichukua begi langu. Alinisindikiza hadi barabarani. Jua lilikuwa utosini na vivuli vyetu vilikuwa vifupi sana, karibu havipo.

"Ndaki. Nirudi siku nyingine?"

Alifikiri. Nilimtazama usoni nikitafuta, kwa ile tabia ya zamani, dalili yoyote: pumzi, kope, bega.

"Sijui, kaka," alisema.

Kutoka kwenye tanuri Kalunde alimwita kwamba kazi inamngoja, naye akageuka akaenda, akapanda juu, akainua mikono yake miwili, na tofali likarushwa.